Dirisha la Evstati

Svilen nimemshika mimi kwenye maji ya ubatizo. Nataka hilo lijulikane mapema, asije mtu akaniambia nilimwonea mtoto wa watu. Nimemshika mimi, nikamvisha msalaba mimi, na siku alipooa nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Ndiyo maana alipoanza kuuza bima, mteja wake wa kwanza hapa mjini Ruse nilikuwa mimi. Alikuja na tai, akakaa jikoni kwangu, akala mkate wangu wa jibini, akasema, "Mama, mwenye nyumba bila bima anajitafutia balaa. Mpangaji akiunguza, bima. Bomba likipasuka, bima. Maji yakimwagikia jirani wa chini, bima. Wewe lala usingizi."

Nikalala usingizi, miaka mitano nalipa na kulala. Mjinga mimi.

Fleti yenyewe ya kupangisha ni hiyo moja tu, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Marehemu mume wangu aliinunua kwa jasho lake la kutengeneza meli. Kodi yake ndiyo inayonilisha, maana pensheni yangu nikishanunua kuni na dawa, inabaki ya chumvi. Mpangaji alikuwa Evstati, mwalimu mstaafu wa tarumbeta, hana mke wala mtoto, na hakuwahi kunisumbua. Mwezi wa Januari akafia kitandani mwake, miguuni soksi nilizomfumia mimi.

Nani wa kumfanyia mila kama si mimi? Nikamwita Svilen. Akaja haraka, hilo silikatai. Tukamwosha marehemu, tukamvisha suti, Svilen akamfunga tai. Halafu tukaja kwenye dirisha. Mtu akifa dirisha linafunguliwa roho ipate pa kutokea, na kwa siku arobaini linaachwa na upenyo, kwa sababu roho bado inazunguka, inarudi kwake, inakunywa maji uliyoiwekea. Dirisha la jikoni lilikuwa limevimba kwa unyevu. Svilen akalipiga bega, likafunguka, upepo ukaanza kulibamiza. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kitu, akakipachika kwenye fremu, likatulia.

Nikamuuliza. Haki ya Mungu nilimuuliza! "Svilen, baridi yote hii, na bomba liko hapo hapo chini ya dirisha. Hawa watu wa bima hawataleta maneno?"

"Aa, mama! Wakala wao si mimi? Na nimelifungua mimi. Nani atakuletea maneno?"

Wiki ya tatu bomba likaganda, likapasuka. Nilikuwa napanda na mkate na glasi ya maji ya marehemu, kama kila asubuhi, nikakuta ngazi zinatiririka. Genko wa ghorofa ya pili alikuwa mlangoni kwake na nguo za kulalia, dari yake yote imeangukia meza ya kulia. "Stoyanka, ama unilipe ama tuonane mahakamani," akasema, na sikuweza kumlaumu. Nikafunga maji ya fleti. Dirisha sikuligusa, kwa sababu arobaini ilikuwa haijatimia.

Nikampigia Svilen. Mara yuko kwenye mkutano, mara yuko barabarani, mara atanipigia mwenyewe. Hakupiga. Kampuni ndiyo iliyonijibu: mwenye nyumba ameacha dirisha wazi kwenye baridi kali, huo ni uzembe, hakuna fidia, labda mkaguzi akifika aone vingine. Sasa hebu niambie. Bila fidia, ningemlipa Genko kwa kuiuza ile fleti, na fleti ikienda, mimi nile ukuta?

Mkaguzi akaja kutoka Sofia, msichana anaitwa Ralitsa, na buti zilizojaa matope ya theluji. Nyuma yake Svilen, ananukia manukato. Hakunibusu shavuni. Alinisalimia kama mtu anayemsalimia karani wa posta.

"Mama, mbona dirisha bado liko wazi?" Ralitsa akashangaa.

"Litafungwa Jumapili. Ndiyo arobaini ya marehemu."

Akatazama ule mkate na ile glasi mezani. "Bibi yangu naye alikuwa anaweka," akasema taratibu. "Lakini mkataba haujui mambo ya arobaini, mama yangu. Nani alilifungua?"

Nikamkodolea macho Svilen, nikampa nafasi. Nilitaka aseme mwenyewe kwa mdomo wake, basi tu, mambo yaishe.

Akacheka kidogo. "Si unawajua wazee wetu? Mama Stoyanka na mila, usimguse! Ningekuwepo ningemkataza."

"Ungekuwepo?" nikauliza.

"Mama, mimi tangu nikuuzie hiyo bima sijakanyaga humu ndani. Ni umri tu huo, unachanganya mambo."

Umri! Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Aniite bahili, aniite mkorofi, sawa. Lakini kunifanya mwehu, mbele ya mgeni, ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

"Mshenzi wewe!" nikampigia kelele. "Tai ya Evstati nani aliifunga? Mimi? Mimi najua kufunga tai? Na dirisha si ulilifungua wewe, ukaniambia nisiwe na wasiwasi? Huna haya, unadanganya mbele ya mkate wa marehemu!"

"Unaona sasa," Svilen akamwambia Ralitsa, sauti ya upole kama ya daktari. "Ndivyo alivyo siku hizi."

Ralitsa akashusha pumzi. "Mama, yeye anasema hivi, wewe unasema vile. Mimi nahitaji kitu cha kushika mkononi."

"Cha kushika mkononi? Basi njoo." Nikamvuta mkono mpaka dirishani. "Chomoa hicho kilichoshikilia fremu."

Svilen akapiga hatua, halafu akasimama. Uso wake ukabadilika rangi, na hapo nikajua kwamba alikuwa amekisahau kabisa.

Ralitsa akavuta. Kikatoka kiplastiki cha njano, cha kukwangulia barafu kwenye kioo cha gari. Upande mmoja nembo ya kampuni, upande wa pili jina la Svilen na namba yake ya simu.

"Nilimpa mimi, zawadi!" Svilen akaropoka. "Wateja wote nawapa!"

"Zawadi ya gari?" nikamuuliza. "Gari gani, wewe? Mimi hata baiskeli sina!"

Ralitsa hakucheka. Alikigeuza kile kiplastiki mara mbili. "Hivi vitu tumewagawia mawakala baada ya mwaka mpya huu," akasema. "Na wewe umesema hujakanyaga humu miaka mitano." "Wakala wetu akifungua dirisha na kumwambia mteja asiwe na wasiwasi, basi ni sisi tumefungua. Mama, dari ya jirani itatengenezwa, na bomba lako pia."

Nikakaa kwenye kiti cha Evstati.

Svilen alinisubiri kwenye ngazi. "Mama, watanifukuza. Nina mtoto mdogo."

"Uliponiita mwehu, mtoto ulikuwa huna?" nikamwambia, nikampita.

Jumapili nikachemsha ngano, nikaitia sukari na jozi, majirani wakapanda, hata Genko. Wa mwisho kuingia alikuwa Svilen, na maua mkononi. Wamemfukuza kweli, mkewe alishaniambia kwa simu huku akilia. Nilitamani kumtupia ile sufuria. Lakini ngano ya marehemu hanyimwi mtu. Nikamchotea.

Akala kijiko kimoja, akasema lile neno ambalo kila anayekula lazima aseme. "Mungu amsamehe." Alilisema huku ananitazama mimi, macho yamejaa machozi.

"Evstati hana kosa," nikamwambia. "Maliza kula, uende."

Akanyanyuka alifunge dirisha. Nikamsukuma pembeni, nikalifunga mwenyewe kwa bega langu.