Nani Katia Maji Hedifoni

Yustina alipovua sponji la hedifoni akakuta matone yamejaa ndani kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali, hakutaka kujua mengi.

"Anselmi! Umezitumbukiza wapi hizi?"

Mtoto hakujibu. Na angejibu nini, maskini, mtoto ambaye maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu ukiwa unasinzia? Alimtazama mama yake shingoni, si machoni, kama ilivyo kawaida yake, na Yustina akaona ni ukaidi. Akavunja kijiti uani akamchapa miguuni. Mtoto akalia bila sauti, mama akalia kwa sauti, hadi Bibi, mama yake Yustina, akatoka jikoni kuuliza kama kuna msiba.

Jamani, msimhukumu haraka. Hedifoni zile hazikuwa za kusikilizia muziki. Anselmi ana miaka minane na masikio yake hayavumilii. Kelele ambayo mimi na wewe tunaipita huku tukipiga soga, yeye inamchoma. Mbaya kuliko zote ni mvua juu ya bati. Mvua ikipiga bati la darasa, Anselmi anakimbia, na Mgeta si mahali pa kukimbia. Huku mashamba yamesimama wima. Kabichi ikikuponyoka juu unaenda kuiomba kwa jirani bondeni. Masika iliyopita aliruka dirishani, wakamkuta kwenye ukingo wa korongo ameshikilia mzizi. Tangu siku ile Yustina akisikia ngurumo huacha alichoshika akatazama upande wa shule.

Ndipo mjomba akaingia kati. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba asiyemjali mpwa wake hana uso wa kukaa kwenye kikao cha ukoo. Evance, kaka yake Yustina, yuko Dar es Salaam kwenye kazi ya ofisini. Akanunua hedifoni kubwa za kufunika sikio zima, vikombe vyake vya chuma chepesi, zile zinazomeza kelele zenyewe. Bei hakuitaja, na Yustina hakuthubutu kuuliza. Alichotaja ni waranti. "Mwaka mzima, dada. Likitokea lolote, wakala wao yupo Morogoro mjini." Anselmi akazivaa, mvua ikapiga bati, yeye akaendelea kuchora ng'ombe wake. Mwalimu Mwanaasha, mwalimu wake wa darasa, alitoka nje akajifuta machozi kwa ushungi.

Sasa ona, zimeingia maji. Yustina alifanya ambacho mtu yeyote wa mlimani angefanya. Alizitundika juu ya mafiga, pale wanapotundika mahindi ya mbegu, kwa sababu huku kila kilichopata unyevu kinaponea kwenye moshi. Asubuhi zikawa kavu, zikawaka, mtoto akaenda nazo shule. Katikati ya somo la hesabu upande wa kushoto ukapiga yowe ndani ya sikio lake. Akazing'oa, akazitupa, akatoka mbio. Safari hii alidakwa na wabeba karoti waliokuwa wanapandisha njia. Wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunasimulia mengine.

Jioni Mwalimu Mwanaasha alikuja nyumbani. Hata chai hakuigusa.

"Mama Anselmi, huyu mtoto nampenda, na wewe unajua. Lakini masika ndiyo hii inaingia, na mimi darasa limenijaa hadi mlangoni. Zikipona, mlete. Zisipopona, akae nyumbani. Sitaki kuja hapa siku moja na habari ambayo siwezi kuisema."

"Akae nyumbani mpaka lini, Mwalimu?"

Mwalimu aliangalia kikombe chake cha chai, akaaga.

Kesho yake Yustina alishuka mjini kwenye lori la kabichi, amekaa mbele na dereva, hedifoni kazifunga ndani ya kanga na kuipakata kama kichanga. Njia nzima alikuwa akigeuka kuutazama mlima. Ulikuwa umeanza kujifunika wingu.

Ofisi ya wakala ilikuwa na kiyoyozi na kijana mmoja nadhifu aliyeitwa Hashimu. "Karibu, mama," alisema kwa adabu, na adabu hiyo haikumtoka hata mara moja, jambo ambalo baadaye ndilo lililomuudhi Yustina kuliko yote. Alizichukua hedifoni, akazileta puani, akakunja uso.

"Mama, samahani. Hizi zimebanikwa?"

"Hazikubanikwa! Zimekaushwa tu, juu ya moto."

"Sawa." Akafungua kikombe kimoja kwa bisibisi, akamwonyesha kikaratasi ndani. "Hiki kinakuwa cheupe. Kikigusa maji kinageuka chekundu. Umeona?"

Kilikuwa chekundu kama nyanya ya kupeleka sokoni.

"Waranti haihusiki na maji, mama."

"Lakini mwaka haujaisha!"

"Haujaisha, ni kweli. Ila haihusiki na maji. Labda unieleze yaliingiaje, niandike hapa kwenye kompyuta, niwatumie wakubwa Dar es Salaam. Wao ndio wanaoamua, siyo mimi."

Kupitia kioo cha dirisha Yustina aliona wingu limeshafika kiunoni mwa mlima. Mlimani kesi ina njia yake. Mbuzi wako akila maharage ya mtu, huendi kubishana. Unakwenda, unapiga magoti, unasema ni mbuzi wangu, nisameheni. Anayekana hutozwa. Anayekiri husamehewa, na mara nyingine huondoka na chakula. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, ndivyo alivyolelewa. Kwa hiyo alichutama.

"Ni mtoto, mwanangu," alisema akishusha sauti. "Ana matatizo, hazungumzi vizuri. Alizitumbukiza kwenye maji. Nimeshamwadhibu, nimemchapa kweli kweli. Tunaomba mtusamehe. Bila hizo hatasoma."

Hashimu alimtazama kwa huruma. Vidole vyake vikaandika. Halafu akageuza kompyuta kidogo, akatikisa kichwa.

"Pole sana, mama. Nikishaandika 'ametumbukiza', yenyewe inafunga. Waranti imefutwa."

"Imefutwa? Nimekuambia ukweli nisamehewe, wewe unafuta?"

"Siyo mimi, mama. Ni mfumo."

Loo! Mfumo! Mtu asiye na magoti, asiye na mama, asiyekula maharage! Yustina alitoka pale masikio yanawaka. Alipompigia Evance simu, kaka yake alipumua kwa nguvu, halafu akauliza, "Lakini kwa nini ulikiri, Yustina? Ulimwona akizitumbukiza?"

"Maji yangetoka wapi?"

"Nakuuliza, ulimwona?"

Yustina akasingizia lori linaondoka, na kweli lilikuwa linaondoka.

Lori lilirudi tupu, likapanda kona baada ya kona, likamshusha barabara inapoishia. Kutoka pale hadi kwake ni njia ya miguu, na si njia ya kuringia. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini, baridi inauma. Kanga ilikuwa imelowa kwa nje, hedifoni ndani yake zilikuwa kavu, naye masikio yalikuwa yanamuuma kwa upepo, basi akafanya asichowahi kukifanya tangu hedifoni zije. Akazivaa. Hazikuwa na sauti yoyote tena, zimekufa, lakini mito yake ilikuwa laini na yenye joto. Upepo ukawa mbali. Akafikiri, kumbe huku ndiko mwanangu anakokaa. Akapanda kwa haraka, akiwaza Bibi peke yake na yule mtoto na bati lile, akapanda huku akihema, jasho linamtoka na baridi inampiga usoni.

Juu ya kilima akazivua apumue. Sikio lake lilikuwa limelowa.

Akageuza kikombe. Matone. Yamejaa ndani, vile vile, madogo kwa makubwa, mengine yanateremka kwenye chuma. Akaligusa sikio lake, akakigusa kile chuma kilichopoa kama jiwe la mtoni. Mvua haijanyesha. Mto hajaugusa. Ni jasho lake na pumzi ya ngozi yake, vimekutana na baridi ya Mgeta. Na mtoto hupanda mlima kama huu kila asubuhi ya Mungu akienda shule, hedifoni masikioni.

"Mama yangu," Yustina alisema peke yake, akakaa chini palepale kwenye tope.

Mtandao ulikuwepo pale juu. Akampigia Hashimu kwa namba aliyompa ofisini. "Baba, sikiliza! Nimeyaona maji! Hayakutumbukizwa, yanatoka yenyewe ndani, mtu akipanda mlima! Mtoto hakufanya kitu! Andika, futa yale, andika haya!"

"Mama, nakuelewa kabisa. Lakini maelezo yako ya kwanza yameshakwenda. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema ni mtoto."

Wewe mwenyewe ndiye uliyesema. Alitaka kumtukana, akakosa tusi, maana kijana hakusema uongo. Na hapo mvua ikaanza. Haikuanza kwa rasharasha. Ilikuja yote pamoja, ile ya masika, inayokimbia juu ya mabati ya kijiji kizima kwa mpigo. Yustina akatupa viatu, akakimbia.

Bibi alikuwa mlangoni, kanga kichwani, anapiga kelele ambazo mvua ilikuwa inazimeza. "Katoka! Nimegeuka kidogo tu, katoka!"

Alikwenda kwenye korongo kwanza. Alitazama chini, akaita, ingawa alijua kumwita hakusaidii. Hakuna kitu, maji mekundu tu yanashuka. Akazunguka nyuma ya shamba la kabichi, akateleza, akainuka. Ndipo akaliona banda la mbuzi, ambalo paa lake bado ni la nyasi. Nyasi hazipigi kelele. Akainama, akachungulia.

Alikuwa ndani, kati ya mbuzi wawili, amejikunja, viganja amevikandamiza masikioni mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mzima. Ngurumo ikapiga, mtoto akaruka mwili mzima, macho yamefumbwa, na mama akatambaa kwenye samadi, akanyoosha mikono yake miwili amzibie masikio, aongezee viganja vyake juu ya vile vidogo.

Anselmi akafumbua macho. Akaiona mikono inakuja.

Akaondoa viganja masikioni, katika kelele ile yote, akaikinga navyo miguu yake.

Yustina alisimamisha mikono hewani. Alisema, "Siyo wewe, baba. Haikuwa wewe," lakini radi ilikuwa juu yao na mtoto anatetemeka, anamtazama shingoni, viganja bado viko miguuni, masikio wazi. Akarudi nyuma taratibu hadi mgongo ukagusa mlango. Akakaa, akaiweka mikono yake juu ya mapaja, wazi, mahali mtoto anapoweza kuiona, akangoja mvua ikatike ndipo amwambie.