Skuta ya Mkunga na Swalehe wa Masasi

"Usinipandishie sauti, Mama Nikolao! Mafuta yangu ni safi. Ufuta wa mwaka huu huu, nimeutwanga kwa mikono yangu na kuyachuja mafuta yake mara mbili kwa kitambaa. Cherehani yangu inakula mafuta hayo hayo mwaka wa nne sasa. Umewahi kuisikia ikikohoa?"

"Cherehani haiendi Chilangala, Mama Mussa!"

"Na hiyo skuta yako je, inakwenda?"

Uwanja mzima ukacheka. Maana watu walikwisha kujaa, wengine na majembe begani, wengine na ndoo tupu za kuendea maji bondeni, na hakuna aliyeona haraka ya kuondoka. Mwaka ule wa hamsini na nane, hapo Mkunya, ugomvi wa Anastasia na Esha, yaani Mama Nikolao na Mama Mussa, ulikuwa haukosi watazamaji. Walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, wanagombana asubuhi, mchana wanaazimana chumvi.

Lakini siku hiyo Anastasia hakuwa anatania.

Anastasia, mama yake Nikolao, alikuwa mkunga. Kazi alijifunza kwa masista wa misheni, na alipofiwa na mumewe akaamua kuwafuata wajawazito huko huko vijijini waliko. Kwa ajili hiyo akashuka Masasi, akanunua skuta. Mwanamke wa kwanza kuonekana kwenye uwanda ule wa Newala juu ya chombo kile! Wanaume walisema mengi. Walisema ataota ndevu. Kisha wake zao wakashikwa uchungu, wakaacha kusema.

Na huko Masasi hakwenda peke yake, alikwenda na Esha. Esha ndiye aliyesimama karibu na muuzaji akisikiliza kila neno: galoni moja ya petroli, kikombe kimoja cha oili ya kopo, koroga, ndipo utie kwenye tangi. Basi juzi, Anastasia akiwa kanisani, Esha akaona kopo la oili limekauka. Akasema moyoni, shoga yangu asihangaike. Akachukua kikombe, akapima vilevile kama alivyosikia, ila akapima mafuta yake ya ufuta, ambayo kwake yeye yalikuwa dawa ya kila kitu, kuanzia bawaba za mlango mpaka kitovu cha mtoto mchanga.

Skuta ikaenda hadi sokoni. Moshi wake ulinukia maandazi, na watoto wakaufuata wakinyoosha mikono. Mbele ya soko ikakohoa mara tatu, ikafa, ikarudishwa uwanjani kwa kusukumwa.

Hayo yangekuwa ya kuchekea mwaka mzima, kama si Dorothy.

Dorothy, mke wa Silvano wa Chilangala, alikuwa amezika watoto wawili. Wote walifia mlangoni, wakati wa kuzaliwa, mikononi mwa watu wasiojua la kufanya. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na siku zilikuwa zimetimia. Anastasia alimshika mkono akamwambia, "Huyu nitampokea mimi." Neno hilo ndilo lililomnyima usingizi.

"Lakini karatasi si umepeleka?" aliuliza Esha, sauti imeshuka kidogo.

"Nimepeleka jana asubuhi."

Swalehe, yule muuzaji wa Masasi, alikuwa na mtindo wake. Kila aliyenunua chombo kwake alipewa vikaratasi vitatu vyenye mhuri wa duka. Kikikugomea, unaandika jina lako na kijiji, unampa dereva yeyote wa lori anayeshuka Masasi. Madereva hawakatai, maana Swalehe huwazibia pancha bure hata usiku wa manane. Anastasia alikuwa ametuma cha kwanza.

"Basi hatakuja," Esha akasema. "Mwenye duka akishauza, wewe ndiye unayemjua, yeye hakujui."

"Atakuja. Alisema."

"Alisema pia kwamba ukitia kitu asichokuambia, mmeachana. Nilikuwapo." Esha akamsogelea, akanong'ona. "Sikiliza, shoga. Tangi tulimwage sasa hivi. Akija, mwambie imezima tu yenyewe. Ukisema ni ufuta atageuza chombo chake arudi Masasi, na mimi nitaimbwa kwenye ngoma mpaka Newala."

Na kusema kweli, Anastasia hakukataa. Alitazama lile tangi akawaza kwamba uongo mdogo kwa muuzaji si kitu, mradi Dorothy afikiwe.

Hapo ndipo watu wa nyuma wakapisha. Silvano aliingia uwanjani, miguu imejaa mchanga mpaka magotini.

"Shikamoo, mama," alisema akihema.

"Marahaba. Zungumza."

"Uchungu umemshika Dorothy toka jogoo la kwanza. Mama mkwe anasema mtoto amekaa vibaya. Nimekuja mbio njia nzima."

Mtu akasema gari la misheni. Mwingine akajibu gari la misheni limekwenda Lindi. Saa tatu ilikuwa imepita. Silvano alikuwa njiani tangu alfajiri, naye ni kijana mwenye miguu mirefu. Anastasia alihesabu kimoyomoyo, hesabu ikakataa. Hata hivyo alijifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua mkoba wake.

"Twende kwa miguu."

Hawajamaliza kuvuka uwanja, ukasikika mlio kutoka upande wa mteremko wa Masasi, mwembamba kwanza kama wa nyuki, halafu mnene. Skuta mpya, rangi ya kijani, haina hata namba, na juu yake mtu mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu. Swalehe. Alikuwa ameondoka Masasi kabla ya alfajiri.

"Hamjambo? Samahani, mama, karatasi imenifikia jana jioni, giza linaingia." Alikwisha kupiga magoti kabla hajajibiwa, mfuko wa spana umefunguliwa. "Imezimaje?"

Esha akamfinya Anastasia.

"Imezima tu," alisema Anastasia.

Swalehe aliinua uso. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kungoja. "Mama, mimi sina neno. Lakini ukiniambia imezima tu, nitaanza kwenye umeme. Nitafungua waya mmoja mmoja, na itafika alasiri. Una haraka, au huna?"

Anastasia alimwangalia Silvano, aliyekuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mafuta ya ufuta," alisema. "Tumetia mafuta ya ufuta badala ya oili. Kama tumeachana, tuachane, lakini kuna mtu anajifungua Chilangala na amekwisha kuzika wawili."

"Si yeye, ni mimi!" Esha alipayuka, machozi yanamlengalenga. "Mimi ndiye niliyetia. Yeye alikuwa kanisani. Nitukane mimi!"

Swalehe hakutukana. Alifungua tangi, akanusa. Akafungua plagi, nyeusi kama kaa la jikoni. Akachomoa kabureta na kuitazama dhidi ya jua.

"Uliyachuja mara ngapi, mama?"

"Mara mbili."

"Mafuta mazuri. Yangekuwa kwenye kisamvu ningeomba sahani." Watu wakaanza kucheka, akawanyamazisha kwa kiganja. "Chenga zake zimeziba tundu la petroli. Itapona, lakini si sasa hivi. Saa mbili, pengine tatu." Akasimama, akajifuta mikono, akamsukumia Anastasia ile skuta ya kijani. "Panda hii."

"Ya nani?"

"Ya mwalimu mmoja wa Nanganga. Nimemwahidi kesho."

"Swalehe, nikiiangusha je?"

"Utaiokota. Chombo chako ndicho kilichokusimamisha, na mimi ndiye niliyekuuzia. Leo kazi yangu ni wewe ufike." Akamwelekeza Silvano akae nyuma na kuukumbatia mkoba. "Kwenye mchanga usikamate breki, mama. Gia ya pili, na macho yasitazame gurudumu, yatazame unakokwenda."

Anastasia akapiga kiki.

Njia ya Chilangala si njia, ni mchanga uliotandazwa katikati ya mikorosho. Skuta ile ilikuwa na nguvu kuliko yake, ikawa inamtangulia mikono. Mara ya kwanza gurudumu la mbele lilipoteleza, Silvano nyuma aliita watakatifu wote aliowajua. Mara ya pili walianguka. Anastasia alihisi goti likichanika, lakini alichokitazama ni ubavu wa skuta: mkwaruzo mrefu, mweupe juu ya kijani.

"Mungu wangu, skuta ya watu."

"Mama, twende!"

Wakaiinua. Ikawaka kwa kiki ya kwanza, na kuanzia hapo hakutazama tena chini.

Nyumba ya Silvano ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimtisha kuliko kelele. Ndani, Dorothy alikuwa amechoka hata kulia. Cecilia, mama yake mzazi, alikuwa amemshika mabega kwa nyuma, midomo inatetemeka kwa sala.

"Nimekuja," alisema Anastasia, anaosha mikono. "Dorothy, unanisikia? Nimekuja."

"Huyu naye anakwenda," Dorothy alinong'ona.

"Haendi popote."

Mtoto alikuwa amekaa kwa matako. Anastasia alikwisha kuwaona wa namna hiyo, na alijua pia saa zao: ukiwahi, wanatoka, ukichelewa, ndiyo yale ya wale wawili. Alimgeuza Dorothy apige magoti. Alimkataza kusukuma, kisha akamwambia sukuma. Ikatoka miguu, kikatoka kiuno. Kisha ikaja ile nafasi ndogo ambayo mkunga haombi msaada wa mtu, maana hakuna mtu wa kusaidia. Akaingiza vidole viwili, akainamisha kichwa cha mtoto taratibu, taratibu.

Akatoka. Wa bluu, amelegea kama kitambaa. Anastasia akamfuta kinywa, akamsugua mgongo, akampulizia. Cecilia aliacha kusali.

Kisha mtoto akakunja uso kama mzee aliyeonja kitu kichungu, akalia.

Jua lilikuwa limeanza kuinama skuta ya pili ilipoingia uwanjani kwa Silvano. Ilikuwa ya Anastasia, inaunguruma safi bila harufu ya maandazi. Swalehe mbele, na nyuma yake Esha, amemkumbatia mwenye duka kiunoni macho kayafumba, kanga imepeperuka kichwani.

Anastasia alitoka nje akichechemea. Alikwenda moja kwa moja kwenye skuta ya kijani, akaweka mkono juu ya ule mkwaruzo kama anayetaka kuuficha, halafu akauondoa.

"Swalehe, nimeikwaruza."

Yeye hakutazama huko. "Mama na mtoto?"

"Wazima. Wa kike."

Swalehe aliachia pumzi ndefu, akavua kofia. Esha alikaa pale pale mchangani akaanza kulia kwa sauti.

"Mwalimu wa Nanganga nitazungumza naye mwenyewe," alisema Swalehe. "Nitaipaka rangi usiku huu. Na kopo la oili nimekuachia nyumbani, mama, na nimemwonyesha jirani yako linavyofanana." Alikwisha kushika usukani wa ile ya kijani. "Sasa niwahi mteremko kabla ya giza."

"Utawahi wapi?"

Aliyesema ni Cecilia, amesimama mlangoni, mikono bado imelowa. Alimtazama yule mtu wa vumbi kwa muda mrefu, kama anayetaka kuukariri uso wake.

"Baba, mjukuu wangu analia humo ndani. Wawili waliotangulia sikupata kuwasikia. Wewe huondoki hapa na njaa." Akamwona anavyosita, akaelewa, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Na usiogope, sisi ni watu wa kanisa lakini tuna majirani. Kuku amechinjwa na Bwanali, muislamu mwenzako, kwa bismillahi, na ugali umeshasongwa. Mama Mussa, nyamaza, umlete mgeni. Maji ya kunawa yako hapa. Karibuni ndani, tule."