Restuta Wawili

Shangazi Restuta alipiga simu mchana wa Ijumaa, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi yetu Makole, sahani ya wali na maharage magotini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbukwa, mwanangu," akaongeza salamu ya Kigogo. "Unakula?"

"Nakula."

"Basi kula, sikucheleweshi. Ujumbe wa madaktari wa macho umefika kwenye simu ya kaka yako William. Ameitwa Restuta mmoja."

"Si ndiye wewe?"

Akacheka. "Umesahau tuko wawili? Nimemwachia mwenzangu, maana yeye halali kwa maumivu. Mimi lipo jicho moja linaloona."

"Lakini shangazi, mliandikishwa wote."

"Kompyuta yenu imechagua, nani abishane nayo? Kula mwanangu, chakula kinapoa."

Akakata. Wali ulinishinda.

Kwetu kijijini Mlali jina la bibi haliachwi kaburini. Bibi Restuta, mke wa mzee Mazengo, alipofariki, wanawe wawili, Yotham na Abeli, walipata mabinti mwaka uleule, na kila mmoja akampa binti yake jina la mama. Hakuna aliyeona tatizo. Ukisema Restuta, unaulizwa, "Wa kwa nani?" Ukijibu wa kwa Yotham, basi ni shangazi yangu, dada yake baba. Ukijibu wa kwa Abeli, ni binamu yake, anayeishi ng'ambo ya uwanja uleule na ambaye pia namwita shangazi. Siku waliyozaliwa haikuandikwa popote, kwa hiyo mhudumu wa afya aliwawekea wote tarehe mosi Julai, kama anavyowawekea wazee wengi. Simu wanayotumia ni moja, ya William.

Wote wawili wana vikope, ugonjwa unaozigeuza kope zielekee ndani ya jicho. Kila ukipepesa, zinakwaruza mboni, na mwisho mboni inafunga ukungu. Nilipokuwa darasa la pili, kazi yangu kabla jua halijazama ilikuwa kumng'oa shangazi kope. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akainua uso kwenye mwanga, nami nikasimama mbele yake na kibanio. Alisema vidole vyangu vyembamba haviumizi. Viliumiza. Nilijua kwa sababu kila kope ilipotoka alikunja ncha ya kanga ndani ya ngumi. Kope zenyewe ziliota tena, ngumu zaidi. Jicho la kushoto lilishindwa kuona nikiwa kidato cha pili. Dawa ni upasuaji mdogo tu wa kigubiko cha jicho, na madaktari wangeanza kazi zahanati ya Mlali siku ya Jumatatu.

Nilirudi mezani kwangu na kufungua mfumo. Ofisi yetu ndiyo iliyoutengeneza: unapokea majina kutoka kwa wahudumu wa vijijini, unaondoa yaliyojirudia, kisha unawatumia watu ujumbe. Kwenye hifadhi ya majina, Restuta Mazengo walikuwa wawili, kila mmoja na namba yake ya usajili. Kwenye orodha ya kutumiwa ujumbe alikuwepo mmoja.

Nikaanza kufuata njia ya jina lile ndani ya programu, na nikafika mahali pasipo na maandishi.

Nieleze kidogo. Katika lugha tunayotumia, ukitaka kompyuta ijue mgonjwa ni nini, unaiandikia mambo yake: jina, ukoo, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. Halafu inabidi uandike mistari mingi ya kuchosha, namna ya kulisoma jina, namna ya kulibadili, namna ya kulinganisha wagonjwa wawili ili kujua kama ni mtu mmoja. Kule chuoni Chimwaga mwalimu wetu wa mwaka wa kwanza alituandikisha yote kwa mkono mpaka vidole vikauma. Kazini mambo ni mengine. Octavian, kiongozi wetu, anaweka alama moja tu juu, @Data, na kompyuta inajiandikia mistari yote hiyo bila hata kuionyesha kwenye ukurasa.

"Kwa nini upike ugali mara mia kwa siku?" huwa anasema.

Nami niliipenda alama ile. Ukurasa unabaki msafi, na makosa ya vidole yanapungua.

Ila ipo amri ya kuikunjua, ili uone kile ambacho kompyuta imejiandikia. Sikuwahi kuitumia kabla ya siku hiyo. Nilipoikunjua, mistari ilishuka chini mpaka ikavuka kioo, nikaisoma mmoja mmoja. Kama jina ni lilelile, ukoo uleule, kijiji kilekile, jinsi ileile, tarehe ileile na simu ileile, basi huyu na yule ni mtu mmoja. Namba ya usajili haikuhesabiwa. Octavian aliiwekea alama nyingine ya kusema iachwe, na alikuwa na sababu, kwani watu walijiandikisha kanisani, halafu zahanati tena, wakapata namba mbili. Jina la kati, yaani la baba, nalo lilikuwa limeondolewa kabisa, kwa sababu wahudumu wengi waliliacha wazi.

Hakuna mtu aliyeandika mistari ile, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameisoma. Kompyuta ilifanya kama ilivyoambiwa, na shangazi yangu akawa hayupo.

Ningeweza kumwingiza kwa mkono. Nilikuwa na ruhusa, na isingechukua muda. Nisingehitaji kusimama mbele ya mtu wala kusikia sauti yangu ikitetemeka. Nilifika hata kuandika jina lake. Kisha nikaiuliza hifadhi ya majina ni wangapi wengine wameunganishwa hivyo, na majina yakajaa kioo. Kina Anjelina wawili wa kijiji kimoja. Kina Dorothea watatu. Nani kati yao alijiandikisha mara mbili, na nani amesahauliwa? Sikuweza kujua nikiwa Makole. Nikafuta nilichoandika, nikanyanyuka.

"Kaka Octavian, samahani."

"Sema, Debora." Hakugeuka.

"Mfumo umefuta watu."

Castory, anayekaa meza ya pili, akavua vifaa vya masikioni. "Debora ameongea! Jamani, wekeni tarehe ukutani."

"Castory, mwache," Octavian akasema, akageuza kiti. "Umefuta majina yaliyojirudia. Ndiyo kazi yake. Wateja wamefurahi mno."

"Wengine hawajajirudia. Ni watu wawili."

"Jina moja, ukoo mmoja, kijiji kimoja, tarehe moja, simu moja. Dada, huyo ni mtu mmoja aliyepanga foleni mara mbili."

Nikaweka kompyuta yangu mbele yake, mistari ikiwa imekunjuliwa, nikamwomba aisome. Alisoma, kidole kwenye kioo.

"Sawa," akasema. "Na wewe umejuaje kwamba ni wawili?"

"Mmoja alinilea. Mwingine anaishi ng'ambo ya uwanja wetu." Sauti ilitetemeka kama nilivyoogopa, ila haikukatika. "Kwenu Bukoba ndugu hawarithi jina la bibi mmoja?"

Akafikiri. "Kwetu kila mtoto hupewa jina lake la ukoo. Hata pacha hawagongani." Akashika paji la uso. "Sikuwaza kabisa."

"Hata mimi sikuwaza, na ni kwetu."

"Lakini tukiacha kila kitu, waliojiandikisha mara mbili watachukua nafasi mbili. Madaktari ni wachache. Hapo mwingine atakosa."

Alisema kweli. Castory akauliza, safari hii bila utani, "Huko kwenu mnawatofautishaje?"

"Tunauliza, wa kwa nani?"

Octavian akavuta kibodi. Jina la kati likarudi, likiwa la lazima. Alama ya @Data aliiacha kwa kazi nyingine zote, ila mistari ya kulinganisha watu akaniambia niiandike mwenyewe, kwa mkono, wazi kwenye ukurasa. Nami nikaongeza kwamba wanaofanana wasifutwe, mhudumu wa kijiji aulizwe kwanza. Jumamosi nzima tulipiga simu tukigawana vijiji. Wengine kweli walikuwa mtu mmoja. Wengi hawakuwa.

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda Mlali. Shangazi alikuwa amemsindikiza mwenzake, amekaa pembeni yake kwenye benchi la zahanati, wameshikana mikono kama wasichana, vumbi la njia likiwa miguuni mwao.

Muuguzi akatoka. "Restuta Mazengo!"

Wakanyanyuka wote wawili. Kisha shangazi yangu akaketi haraka. "Nenda wewe."

Muuguzi akatazama karatasi yake tena. "Restuta wa Abeli atangulie. Restuta wa Yotham usiondoke, ni wewe unayefuata."

Shangazi alinigeukia na lile jicho linaloona, likiwa jekundu na lenye machozi ambayo sikujua kama ni ya ugonjwa. Alifungua fundo la kanga, akatoa kibanio kilekile, ncha zimeng'aa kwa kutumika, akakiweka kiganjani mwangu.

"Nishikie," akasema. "Nikitoka humo, utanitazama vizuri uniambie kama bado tunakihitaji."

Nilikaa benchini nikakishika. Mlango ulipofunguliwa tena, Restuta wa Abeli alitoka na bandeji jichoni, akipapasa ukuta. Nikamwendea, nikamshika mkono. Nyuma yangu nikamsikia shangazi akiingia, na muuguzi akimuuliza, ili kuhakikisha tu, wa kwa nani.

"Wa kwa Yotham," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeitwa.