Shimu Ndani ya Pampu

Jina alilopewa na mama yake lilikwisha kusahaulika. Hata mkewe alimwita Tani Saba, kwa sababu ya lori lake la kubeba kokoto. Asubuhi hiyo aliingia gerejini na kimfuko cha nailoni, akakitua mezani taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Ndani yake mlikuwa na springi sita.

"Hizi ndizo zenyewe," alisema. "Ngumu. Leo ule mlima utanitambua."

Mlima wenyewe uko kati ya machimbo na barabara kuu, na ulikuwa umemchosha roho. Alieleza, kama alivyoeleza wiki iliyopita na ile ya kabla yake, kwamba akiwa gia ya pili injini inaanza kuchangamka, mara inakata pumzi, na akitia ya tatu lori linakuwa zito kama limefungwa kamba nyuma. Wenzake wanampita wakimpigia honi. Mmoja alifika mahali pa kumuuliza kama anasindikiza maiti.

Mzee mwenye gereji alimsikiliza mpaka mwisho, ingawa jibu alikuwa nalo tangu mwanzo. Ndani ya gavana, sehemu ya pampu inayopimia injini dizeli yake, kuna vyuma viwili vizito vinavyozunguka. Injini ikikimbia, vyuma vile hufunguka, na vikifunguka dizeli hupungua. Kinachovishikilia ni springi. Springi zikiwa laini, vinafunguka mapema na injini inanyimwa mafuta wakati bado inayataka. Zikiwa ngumu, vinachelewa kidogo, na huko kuchelewa ndiko Tani Saba alikokuja kukutafuta.

"Kazi ya nusu siku," mzee alisema, "na mke wa mwanangu ndiye atakayeifanya."

Tani Saba hakubisha, kwa kuwa alikwisha kumwona akifanya kazi. Mzee alikuwa akifungua pampu tangu nywele zake zote zikiwa nyeusi, lakini sasa viungo vya vidole vimevimba na haviingii tena kwenye dirisha la gavana, tundu la kupitisha vidole viwili tu. Mwanawe wa kiume alichagua kuchomelea madirisha mtaa wa pili. Kazi za kupimapima zilimtia usingizi. Basi siku moja, miaka miwili nyuma, mkamwana alileta chai, akamkuta mkwewe anahangaika na nati isiyotoka, akaweka birika chini, akaitoa. Hakuna aliyemwajiri. Kesho yake mzee alimwambia aje na nguo ya kazi.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya wanaume waliokaa wakimtazama, maneno yale machache nayo yaliadimika. Lakini mikono yake haikuwa na aibu.

Alianza kwa kupanga matambara kuzunguka pampu, akafungua kizibo cha nyuma, na mzee akazungusha injini kwa spana kubwa mpaka chuma kimoja kikaja kusimama dirishani. Akaingiza ufunguo wenye meno mawili. Nati ya gavana hulia kila robo ya mzunguko, tak, na lazima ihesabiwe inapotoka ili pande zote mbili zirudi sawa. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Springi tatu za zamani zikatoka, tatu mpya zikaingia, nati ikarudi mahali pake. Mzee akazungusha tena, upande wa pili ukaja. Akaihesabu nati, akaitoa, akatoa springi, kisha akashika kwa ncha za vidole kile kipete chembamba cha chuma kinachokaa juu ya springi, ambacho mafundi wanakiita shimu. Ni chepesi kama ukucha.

Hapo ndipo baba mkubwa alipoingia.

Huyu alikuwa kaka wa mzee, fundi cherehani aliyestaafu, na kila siku saa nne alikuja kukaa kwenye kiti kilichotolewa kwenye gari bovu na kuipa dunia nzima maoni yake. Maoni yake kuhusu mkamwana yalijulikana: pampu si jiko. Mwezi uliopita alimsalimu akiwa katikati ya kuhesabu, naye hakuitikia. Neno lile likatembea. Lilifika kwa mama mkwe, likafika kwa shangazi, mume wa mkamwana akalileta nyumbani likiwa limenenepa: kwamba tangu ashike spana amekuwa na kiburi, haoni wakubwa. Mume hakumgombeza. Alimwomba tu, siku nyingine, ajitahidi.

"Hujambo, mkwe?"

Akajitahidi. Aligeuza uso, akapiga goti kidogo kama inavyopasa, akasema, "Sijambo, baba mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Wameamkaje huko?"

"Wazima."

Na katika kule kupiga goti, vidole vikafunguka kiasi cha unyweleo. Akasikia mlio mdogo, kama wa sindano ikigusa sahani. Akatazama vidole vyake. Vilikuwa vitupu.

Mzee, ambaye sikio la upande ule lilikwisha kuharibiwa na injini, alikuwa anapangusa spana. Tani Saba alikuwa mlangoni anabishana na simu. Baba mkubwa alikuwa anajiweka sawa kitini. Mlio ule aliusikia peke yake.

Alitazama matambara, kunja baada ya kunja. Akatazama sakafu. Alitamani sana iwe imeanguka sakafuni, na kadiri alivyotamani, ndivyo mlio ulivyozidi kugeuka kichwani mwake, mpaka ukaanza kufanana na mlio wa chuma kwenye saruji. Kopo la shimu lilikuwa mezani, umbali wa mkono. Angechukua nyingine inayolingana, angefunga, injini ingewaka vizuri leo, na pengine na kesho.

Ila alijua vinavyozunguka mle ndani. Kipete kile kikipanda na oili kikaenda kukaa mahali pabaya, mkono wa pampu unaopunguza dizeli unabanwa ukiwa wazi. Dereva anatoa mguu kwenye mafuta, injini haisikii. Na mlima wa Tani Saba una upande wa kupanda na upande wa kushuka.

Akisema, pampu lazima ishuke ifunguliwe yote, na lori halitoki leo wala kesho. Baba mkubwa atakuwa amepata ushahidi wake, aketi nao kitini hadi mwisho wa maisha. Na mzee atakuwa na njia moja tu ya kumwacha aendelee kuja: kubishana na kaka yake kwa ajili ya mke wa mtoto wake, jambo ambalo mtu wa heshima zake halifanyi mara mbili.

"Baba," alisema. Sauti haikutoka. Akarudia. "Baba, shimu imeingia ndani."

Mzee aliacha kupangusa. Aliuliza imeingiaje, na yeye akajibu mkono umeteleza. Mzee akamtazama, kisha akamtazama kaka yake pale kitini, kisha akarudi kumtazama yeye. Akaweka spana chini.

Baba mkubwa hakukawia. Alisema yeye alishasema, na aliyesema hakosi kazi ya kusema tena, lakini nani anamsikiliza. Tani Saba alikata simu. Aliposikia ni siku mbili alishika kichwa, akasema mzigo wa kesho umeshapangwa, akauliza kama hicho kijipete hakiwezi kukaa humohumo, mbona tumboni mwa watu hukaa risasi na wanaishi.

"Kitoke," mzee alisema.

Walijaribu sumaku kwanza, ile ya ncha ndefu. Ilirudi na oili tupu. Basi mkamwana akatia alama ya rangi nyeupe kwenye meno ya gia ili pampu ikirudi isikosee zamu yake, wakafungua mabomba, wakaishusha wawili, wakailaza mezani. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa mlango kifuniko cha nyuma kilipokubali kutoka.

Alipitisha vidole chini, kwenye oili nyeusi, pole pole kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Akaitoa. Ilikuwa inang'aa. Akaiweka kwenye kisahani, na mzee akapumua. Kwa kuhakikisha, akapitisha vidole mara ya pili.

Akatoa nyingine.

Hii ilikuwa nyeusi, na ukingo wake mmoja umeliwa, kama kitu kilichotafunwa kikatemwa.

Tani Saba aliinama juu ya kisahani. "Si ulisema moja?"

"Kumbe anazimwaga," baba mkubwa alisema kutoka kitini.

Mkamwana alimtazama mzee. Mzee alikuwa anaitazama ile nyeusi. Kabla ya leo, pampu ya lori lile haikuwahi kufunguliwa na mkono mwingine duniani isipokuwa wa mzee, tangu lilipokuja mjini. Tani Saba mwenyewe alikuwa akijisifia hilo kwa watu. Mkamwana akaelewa, na alipoelewa uso ukamwaka moto kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa. Neno la kumwokoa mzee lilikuwa jepesi kuliko lile la asubuhi. Hata aibu isingemzidi. Ya leo alishailipa.

"Labda ziliponyoka mb—"

"Acha, mama," mzee alisema. "Hiyo nyeusi ni yangu."

Alisema bila kuinua macho. Miaka minne nyuma, akiwa peke yake, vidole ndiyo kwanza vinaanza kumsaliti. Aliisikia ikianguka. Alipekua sakafu, akapekua tena, na mwisho akajiambia aliisikia ikigonga saruji. Akachukua nyingine kwenye kopo, akafunga. "Usingizi ulinikimbia kama wiki," alisema. "Halafu ukarudi."

Tani Saba aliichukua ile nyeusi, akaigeuza kiganjani. Akasema polepole kwamba mwaka juzi, akishuka na mzigo, alitoa mguu na lori likaendelea kuvuta. Lilivuta mpaka karibu na daraja, kisha likaacha lenyewe. Alidhani ni waya wa mafuta umenata. Aliubadilisha.

Baba mkubwa aliinuka kitini, akaja kukitazama kisahani.

"Nani anairudishia?" Tani Saba aliuliza. Akajijibu mwenyewe, akielekeza kidevu, bila kumwangalia mzee. "Naomba arudishie yeye. Hata ikiwa keshokutwa."

Lilikuwa jambo ambalo kwa miaka miwili mkamwana hakuthubutu hata kuliota, na lilipokuja halikuwa na utamu. Mzee alikuwa amesimama pembeni ya meza yake mwenyewe kama mgeni, mikono ikining'inia, hajui aiweke wapi.

Mkamwana aliosha vyuma kwa dizeli safi, akapanga springi, akaweka shimu yake mahali pake, akakaza nati. Kisha hakushika kifuniko. Alirudi nyuma hatua moja.

"Baba," alisema, na safari hii sauti ilitoka. "Pitisha macho kwanza. Mimi sifungi kabla hujaangalia."

Mzee alisogea. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa gavana, akapitisha sumaku, akaipangusa kwa kitambaa cheupe, akakitazama kitambaa, akapitisha tena. Alichukua muda wake wote. Hakuna aliyemharakisha.

"Funga," alisema.

Mkamwana akashika kifuniko. Tani Saba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasogea pembeni asimzibie mwanga.