Mtoto wa Mkondo C

Tone la kwanza lilipomwingia jichoni, Eliufoo alidhani ni ubaridi wa dawa tu. La pili lilipofuata, moto ukawaka hadi kisogoni, na harufu ya ayodini ikampanda puani: ileile waliyompaka ndama kitovuni mwezi wa tatu. Aliruka kutoka kwenye kigoda, akajigonga nguzo ya banda, akaanguka kwa magoti juu ya samadi mbichi.

"Maji! Gladness, maji!"

Binti yake alikimbia mara jikoni, mara mferejini, kichupa bado kiko mkononi. Aliyefika na maji ni Tabitha, jirani yao mjane, dada wa marehemu mkewe, aliyekuwa akikata majani ng'ambo ya ua wa masale. Alimlaza Eliufoo chali palepale, akamfumbua kope kwa vidole vyake vigumu, akammiminia kata baada ya kata mpaka shati likalowa lote.

"Umemtia nini baba yako?" Tabitha alifoka.

"Dawa ya macho."

"Nani amekwambia hii ni ya macho?"

"Baba aliniuliza imeandikwaje, nikamwambia."

Aikande, binti wa Tabitha, alikuwa amemfuata mama yake. Alikichukua kile kichupa, akakigeuza, akasoma kwa sauti bila kukwama: "Ayodini. Kwa matumizi ya nje tu. Usitie machoni." Kisha akakiona kingine dirishani, kile ambacho Eliufoo alipewa hospitali mjini, akakisoma nacho. Vyote viwili vilikuwa vidogo, vyote rangi ya kahawia.

Eliufoo alikaa kitako, maji yakimchuruzika kidevuni. "Nyinyi si darasa moja? La sita wote, shule moja?"

"Shule moja, baba," Aikande alijibu. "Lakini mimi niko mkondo A. Gladness yuko C."

"Na huko C kuna nini?"

Gladness alikuwa akikwangua samadi kwenye magoti ya baba yake kwa kipande cha jani la mgomba, kichwa kainamisha.

Asubuhi yake Eliufoo alitoa madaftari ya binti yake, akayapeleka juani. Jicho lililoungua lilikuwa limevimba, na lile lingine lilikuwa na utando wa miaka minne. Daktari alimwambia linahitaji kupasuliwa, na akamtajia gharama. Kwa jicho hilo aliona mambo makubwa tu. Lakini vema za wino mwekundu alizitambua. Zilijaa kila ukurasa. Na mwandiko alioufuata kwa pua karibu kugusa karatasi ulikuwa wa mviringo, ulionyooka, kama wa karani wa chama cha ushirika enzi kahawa ilipokuwa kahawa.

"Nisomee hapa."

Gladness alisoma habari ya sungura na fisi. Alisoma vizuri, haraka. Eliufoo akafungua ukurasa mwingine, mbali kabisa. "Na hapa."

Sungura na fisi wakarudi, neno kwa neno.

"Nionyeshe neno fisi liko wapi."

Kidole cha mtoto kilitembea juu ya mistari, kikashuka, kikapanda, kikasimama mahali. Kikaanza upya.

"Sasa haya yote umeandikaje, mwanangu?"

"Nachora, baba. Mwalimu akiandika ubaoni, mimi nachora vilevile."

Eliufoo aliyafunga madaftari. Hakumpiga. Alibaki ameyapakata kama mtu aliyepewa maiti ya mtoto mchanga na hajui amkabidhi nani.

Shule ya kijijini kwao ilikuwa chini ya kanisa, mwendo wa dakika chache tu. Alimtoa Gladness huko baada ya mama yake kufariki, alipokuwa anaingia darasa la tatu, kwa sababu paa lilikuwa limeezuliwa na upepo na walimu waliobaki walikuwa wanauza mitumba. Shule ya Kimasio ilikuwa ng'ambo ya makorongo mawili, mwendo wa saa nzima, lakini Kimasio ilikuwa ya kwanza wilayani miaka mitatu mfululizo. Watu walitoa watoto Rau, wakatoa Moshi mjini, wakawapandisha mlimani kuja kukaa kwa shangazi na bibi ili tu waandikwe Kimasio. Nafasi hazikupatikana. Eliufoo alikuwa na mtamba mmoja, wa kwanza kuzaliwa zizini mwake baada ya kung'oa kahawa. Alimswaga asubuhi moja hadi nyumbani kwa Mwalimu Mkuu Ebenezeri, na Jumatatu iliyofuata Gladness alikuwa na namba ya uandikishaji.

Sasa alishika njia ileile, mkono begani mwa binti yake. Walifika saa nne. Kutoka jengo la mbele ilisikika sauti ya watoto wakijibu kwa pamoja, safi kama kwaya ya Pasaka. Eliufoo akaelekea huko.

"Siko huko, baba," Gladness alisema. "Hao ni A."

"C wapi?"

"Darasani hamna mtu saa hizi. Tuko kwa mwalimu mkuu."

Alimwongoza nyuma ya vyoo, wakapita mgombani, hata pua yake ikamwambia wamefika zizini. Hapo palikuwa na watoto wengi. Alisikia majembe yakikwangua sakafu, matita ya majani yakitupwa, mtoto akikohoa kikohozi kikavu. Hakuna aliyecheza, hakuna aliyecheka. Wengine, Gladness alieleza, walikuwa wakipalilia kwa mwalimu wa taaluma, na wale wadogo walikuwa wamekwenda kuchota maji ya kufyatulia tofali.

Ng'ombe mmoja alipumua karibu yake. Eliufoo akanyoosha mkono, akapapasa shingo, akapanda sikioni. Katika sikio la kushoto kidole chake kilikuta pengo, alama aliyoikata yeye mwenyewe kwa kisu chake.

"Anatoa kiasi gani?" aliuliza.

"Asubuhi lita nane," Gladness alisema, na kulikuwa na majivuno kidogo katika kusema kwake. "Mimi ndiye ninayemkatia majani."

Eliufoo alitema mate, akaomba apelekwe ofisini.

Mwalimu Mkuu Ebenezeri alimwamkia bila kuinuka kitini. "Shikamoo, mzee wangu. Karibu. Pole na macho."

"Marahaba. Mwalimu, binti yangu hajui kusoma."

"Yuko mkondo gani?"

"C."

"Ah." Ilikuwa pumzi ya mtu aliyeulizwa jambo dogo kuliko alivyoogopa. "Mzee, nikueleze kama mtu mzima. Darasa la sita nina watoto mia na ishirini. Walimu wao wawili. Nafasi za sekondari ya serikali kwa kata nzima unaweza kuzihesabu kwa vidole. Niwafundishe wote nusunusu, wote wafeli? Au nishike arobaini, wafaulu?"

"Na themanini?"

"Wanapata elimu ya kujitegemea."

"Ng'ombe wako ndiye anayejitegemea, mwalimu. Nilikuletea mtamba yule ili mtoto afundishwe."

"Ulimleta ili mtoto apokelewe," Ebenezeri alisema kwa upole. "Akapokelewa."

Mahali fulani ukutani saa iligonga.

"Na zile vema kwenye madaftari?"

"Mkaguzi akija hafungui mdomo wa mtoto, mzee. Anafungua daftari."

"Mwakani watafanyaje mtihani?"

"Hawatafanyia hapa. Januari tutawahamisha, kila mmoja kwao. Wako atarudi shule ya kijijini kwenu."

"Kule hakuna walimu!"

"Ndiyo maana. Akifeli kule, nani atashangaa?"

Aliyasema hayo bila ukali wowote, kama anayemwelekeza mgeni mahali choo kilipo. Kisha akafungua faili jingine.

Jioni ile Eliufoo alipita kwa Tabitha, akamweleza yote. Tabitha alisikiliza huku akikamua, akipiga mguno kila mara. Ndipo akamwambia kwamba Jumamosi shule itakabidhiwa ngao ya wilaya tena, na afisa wa elimu anakuja. Barua za mwaliko walipewa wazazi wa mkondo A peke yao.

"Twende wote," Tabitha alisema. "Umwambie mgeni mbele ya watu. Hapo hawatakuwa na pa kukimbilia."

"Utasimama nami?"

"Nitasimama, shemeji. Mtoto wa marehemu dada yangu si mwanangu?"

Jumamosi walikaa bega kwa bega chini ya turubai. Kwaya iliimba, Mwalimu Mkuu akasoma takwimu, watu wakapiga makofi mpaka turubai likatikisika. Mgeni rasmi aliposimama kuuliza kama kuna mzazi mwenye neno, Eliufoo aliinuka. Nyuma yake sauti ya mwanamume ilisema, "Keti, mzee, usituharibie," na mkono ukamvuta koti. Hakuketi.

"Mheshimiwa, nina binti hapa, darasa la sita. Anaitwa Gladness. Naomba aitwe mbele, asome. Chochote kile. Mistari mitatu tu."

Minong'ono ilizagaa. Mgeni rasmi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefurahia. "Ombi zuri sana! Mwalimu Mkuu, aitwe huyo Gladness. Nina gazeti hapa."

Hapo pakapita kitambo. Eliufoo alisikia viatu vya Mwalimu Mkuu vikiondoka, sauti za chini upande waliokaa wanafunzi, kisha nyayo nyepesi za mtoto juu ya kokoto. Alikaza jicho lake. Aliona sketi ya bluu na shati jeupe, basi.

Mtoto akasoma. Ilikuwa habari ya bei ya kahawa mnadani, yenye tarakimu na maneno magumu, naye aliivuka yote kama anayetembea kwenye uwanda. Kwa muda wa kupepesa jicho Eliufoo alitaka kuamini. Akawaza: labda alinionea haya tu siku ile, labda anajua. Halafu sauti ikamfikia yenyewe, ikiwa imeachana na maneno. Sauti ile aliijua tangu ikililia ziwa ng'ambo ya ua wa masale.

"Huyu si mwanangu," alisema.

Watu wakaguna. Mtu akacheka.

"Mheshimiwa," Mwalimu Mkuu alisema kwa huruma, "mzee wetu anasumbuliwa na macho."

"Sisemi kwa macho! Nasema kwa masikio!" Eliufoo aligeuka upande wake wa kulia. "Tabitha. Aikande wako yuko wapi?"

Bega lililokuwa limegusa bega lake lilisogea.

"Tabitha. Yule ni nani anayesoma?"

"Sioni vizuri nilipo, shemeji," Tabitha alisema. "Jua linanipiga usoni."

Turubai lilikuwa juu yao wote.

Eliufoo alijaza pumzi kifuani, akaita kwa nguvu zake zote, kama anavyoita kutoka korongoni: "Gladness!"

Kulikuwa na kelele ndogo kwa mbali, upande wa jikoni kulikopikwa pilau ya wageni, kama sufuria iliyodondoka. Lakini jibu lilitoka mbele, karibu, jembamba:

"Abee, baba."

Makofi yakalipuka. Mgeni rasmi akasema jambo hilo limemgusa, akaomba baba na binti wapigwe picha na ngao. Watu wawili walimshika Eliufoo viwiko, wakampeleka. Akatiwa kiganja cha mtoto mkononi. Kilikuwa laini, hakina mkwaruzo wa majani wala sugu ya panga, na kilikuwa kimelowa jasho.

"Mzee, angalia huku," mpiga picha alisema. "Tabasamu kidogo."

Angeweza kukitupa kile kiganja. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo. Lakini mtoto alikuwa ameanza kulia, kimyakimya, na mtoto hakuwa na kosa.

Wiki mbili zilipita. Tabitha alianza kukata majani yake upande mwingine wa kihamba chake cha migomba. Adhuhuri moja Gladness alikuwa akimenya ndizi za mtori mbele ya jiko, akasema, "Baba, picha yako imetundikwa ofisini. Wameitia kioo."

"Wewe umeiona wapi?"

"Mimi ndiye ninayefagia ofisi sasa. Ni kubwa. Umesimama na Aikande."

Eliufoo aligeuzia uso wake jikoni.

"Chini pameandikwa Gladness. Hilo nalijua, ndilo jina langu. Halafu kuna maneno mengine mengi."

"Yanasemaje?"

"Sijui. Lakini nimeyashika. Kila nikifuta vumbi nayaangalia."

Aliweka kisu, akasawazisha udongo kwa kiganja, akaokota kijiti. Alichora polepole, ulimi kautoa pembeni mwa mdomo, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kufuta hata mara moja. Kila herufi ilikuwa mahali pake, ya mviringo, iliyonyooka. Alipomaliza alisogea nyuma, akampisha baba yake.

"Ndiyo hivi, baba," alisema. "Soma."

Eliufoo alipiga magoti, akainama mpaka pua ikagusa udongo, na bado aliona mikwaruzo tu.