Isale kwa Mama Ambaye Hakununa

Leonia alikuwa na mdomo, hilo kila mtu kule juu ya mji wa Mkuu alilijua. Kwa hiyo Joyness, binti wa chuo kikuu aliyekuwa akitafiti maisha ya wazee wanaobaki vihambani, kwenye mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, watoto wakishakwenda mjini, alipomuuliza, "Mama, ukiumwa usiku nani anakuja?" Leonia alijibu papo hapo.

"Brenda."

"Ni mjukuu wako?"

"Ni ng'ombe wangu."

Wakacheka wote wawili mpaka machozi yakawatoka. Leonia akajua yameishia hapo. Wapi!

Mwezi wa Oktoba Joyness akahojiwa redioni. Aliongea vizuri, Leonia mwenyewe akamsifu huku akimenya ndizi: habari za majumba yanayopigwa kufuli mpaka Krismasi, habari za upweke. Halafu akasema, kwa sauti ya huruma, kwamba kuna mama mmoja, hatamtaja, ambaye akizidiwa usiku hana wa kumwita ila ng'ombe wake. Loh! Kisu kikamponyoka Leonia. Eti hatamtaja! Nani pale kijijini asiyemjua Brenda?

Kesho yake wakaanza kumiminika. Wanajumuiya wa kanisani walileta sukari na sabuni, nyuso zao za msibani kabisa. Jirani yake, ambaye kila asubuhi walitaniana hadi kutukanana, sasa alimsalimia kwa upole wa kutisha. Leonia akachanganyikiwa. Jana alikuwa mama mwenye kihamba na kahawa yake, leo ni maskini wa Mungu, na hakuna kilichobadilika isipokuwa redio kusema. "Hivi mimi ni mpweke?" alijiuliza akiwa anamkatia ng'ombe majani. Akashtuka kwamba ameuliza kwa sauti, na aliyekuwa anamuuliza ni Brenda.

Lakini kilichomnyima raha hasa ni Rodrick, kitinda mimba wake aliyeko Dar, mwenye nyumba kubwa iliyofungwa pale pale uani. Tangu siku ile ya redio hakupiga simu, na mama yake akipiga haipokelewi. Leonia aliogopa. Ampoteze mtoto kwa utani wa ng'ombe?

Jumamosi moja shemeji yake Ambrosi akaingia uani ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Nyuma yake alikuja Rodrick, kichwa chini.

Isale si mchezo. Ukimkosea mtu ukamletea jani hilo kuomba radhi, halikataliwi, na anayelikataa anaita laana. Lakini wao wamekosana lini?

"Shemeji, mwanao anaomba umsamehe," alisema Ambrosi.

"Nimsamehe nini?"

Ambrosi akamtazama Rodrick, Rodrick akatazama viatu vyake. "Hicho kilichokufanya ukanisemee kwa watu, mama."

"Sikukusemea! Wala sijakukasirikia hata kidogo!"

"Kama hujakasirika, pokea basi," Ambrosi akasema. "Ugumu uko wapi?"

Hapo akakwama. Akilipokea, amekiri kwamba mwanawe alimtupa. Akilikataa, amemlaani. Jamani, mtu anatokea wapi hapo? Mkono ukaenda wenyewe, ukalishika jani.

Ambrosi akamshukuru Mungu kwa sauti, akaenda zake kutafuta pombe ya mbege. Rodrick akavuta kigoda, akakaa karibu na mama yake.

"Kwani yule dada alikuuliza nini hasa?"

"Aliniuliza nikiumwa usiku nani anakuja."

Kule bandani Brenda alikuwa anatafuna majani yake, hana habari.

"Na ukiumwa, mama," Rodrick akauliza taratibu, "nani anakuja?"

Leonia akatafuta utani wa kumjibu, akaukosa.