Ngozi ya Chumba cha Chini

Milly alichanganya unga wa mwani na maji, akakoroga polepole povu lisiingie, akaumimina ute kwenye sahani za kioo. Kazi yake katika maabara ile ya Jinja ilikuwa kutengeneza viunzi vya jeli, vipande laini ambavyo ngozi ya mtu aliyeungua hupandwa juu yake ikamea. Yote yalitegemea jeli ilivyogandishwa. Ikiganda haraka, vitundu huwa vidogo, ngozi ikakosa pa kupenya. Ikiganda taratibu, ngozi hutambaa.

Friji ilipoharibika, alizishusha sahani chumba cha chini, ambako baridi haitoki. Kabla ya maabara kuhamia pale, chumba kilikuwa cha askari. Walikitumia kwa kazi gani, hakuna aliyesema.

Ngozi ya kule ilimea kuliko zote. Akapandikizwa ngozi hiyo Norman, askari jela wa Mbale aliyeungua mkono kwa jiko la mafuta. Bandeji zilipofunguliwa, mkono ulikuwa na makovu ya kiboko, ya zamani, na karibu na kiwiko baka jeusi mfano wa jani. Norman hakuwahi kuchapwa. Alivaa sare akarudi kazini.

Sokoni Mbale, Mariat muuza ulezi alikuwa akimpimia alipoliona baka. Mwanawe Shakul alichukuliwa Jinja na watu wenye bunduki, hakurudi. Mariat aliweka kopo chini.

"Afande, hii mkono ya mtoto yangu."

Norman alikunja shati hadi begani. "Shika tu, mama."

"Inamuuma?"

"Hapana. Inasikia baridi."

Tangu hapo Norman hupita kwake kila Ijumaa baada ya swala, Mariat akaupaka mkono mafuta.

Jinja, sahani zilizofuata zilitoa ngozi yenye kovu la chanjo, nyingine yenye alama za kamba. Milly alimpelekea habari Daktari Jude, mkuu wa maabara.

"Za chini zote zinatoka na alama za watu, daktari."

"Ngozi inashika?"

"Inashika."

"Basi endelea kule kule."

Akaendelea. Alipokwenda Mbale kuukagua mkono, alimkuta Mariat ameupakata.

"Na yeye mwenyewe iko wapi?" Mariat aliuliza.

 Milly alimwambia kwamba ngozi ilimea katika chumba cha chini kilichokuwa cha askari, na kwamba kimepigwa saruji, sakafu yote.

Mariat aliitikia kwa kichwa. Akachota mafuta mengine, akaanza upya kwenye vidole.